Asilimia 97 ya mashine ya RO si ya maji

Mashine ya RO husukuma maji ya chumvi kwa presha yapite kwenye utando, ambao mafundi huuita membreni. Maji hupenya, sehemu kubwa ya chumvi hukwama na kutolewa na maji ya kumwaga. Hiyo ndiyo osmosisi ya kinyume, kwa Kiingereza reverse osmosis, kifupi RO. Kinachovuruga watu ni namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Muuzaji akisema "asilimia 97", mtu wa Mtwara au Lindi mwenye kisima cha maji ya chumvi hupiga hesabu kwamba ndoo ya lita 20 itampa zaidi ya lita 19. Akiona bomba la kumwaga halikauki, anadai kauziwa mashine mbovu. Mashine ni nzima. Hiyo 97 ni uzuiaji, yaani chumvi iliyozuiwa. Kiasi cha maji kinachopatikana ni kipimo kingine kabisa, tukiite mavuno, na kwa mashine nyingi za nyumbani mavuno ni kama asilimia 25: lita moja safi, tatu za kumwaga.

Mafundi wengine nao huchanganya hapohapo. Wakitaka mavuno yapande, hubana zaidi kile kipande kidogo kilichowekwa kwenye njia ya maji ya kumwaga. Mavuno hupanda kweli, lakini chumvi haijaenda popote. Maji ya kisima yenye miligramu 1200 za chumvi kwa lita, kwa mavuno ya asilimia 50, huishia kwenye 2400 hivi upande wa kumwaga. Kwa asilimia 75 hufika karibu 4800. Kila miligramu 1000 kwa lita hudai takriban 0.7 bar (bar ni kipimo cha presha) ili tu maji yaanze kupenya, hivyo hiyo 4800 peke yake inameza zaidi ya bar 3 kwenye pampu ya nyumbani inayotoa 5 au 6. Maji safi hupungua kasi, uzuiaji nao hushuka. Na kama kisima kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, chokaa huganda juu ya utando na kuuziba. Kwa maji magumu ya namna hiyo, asilimia 50 tayari ni ujasiri. (Maji ya bahari yenyewe yasahauliwe: yanadai bar 27 hivi kabla hata tone halijapita.)

Presha ya simtanki haisaidii. Mita 3 za kuinuka ni 0.3 bar tu. Pampu ni lazima.

Ndipo linapokuja neno la tatu linalobebeshwa asilimia zisizo zake: utulivu. Kelele haihusiani na 97. Inahusiana na pampu inafanya kazi kwa muda gani na imefungwa wapi. Pampu iliyopigwa skrubu moja kwa moja ukutani huufanya ukuta wote ulie. Iweke juu ya mpira mzito na uiunganishe kwa mpira wa maji uliokunjwa kidogo, usiovutwa ukakaza. Tangi la presha nalo husukuma maji nyuma kadiri linavyojaa, kwa hiyo lita za mwisho huchukua muda mrefu kuliko za kwanza. Tangi la wazi lenye boya na swichi huondoa mzigo huo, ila litahitaji mfuniko unaobana na pampu ndogo ya kutolea maji, au liwekwe juu ya bomba. Kama mlio wa maji yanayochuruzika hauishi hata tangi likijaa, kagua vali ya kujifunga: haifungi.

Basi ukiambiwa asilimia, uliza ni ya nini. Ukiwa na mashine tayari, kinga mipira yote miwili kwa dakika moja. Ukipata mililita 200 safi na 600 za kumwaga, gawa 200 kwa 800: mavuno ni asilimia 25. Uzuiaji utaupata kwa kipima TDS, yaani kifaa kinachopima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kwa kulinganisha maji yanayoingia na maji safi yanayotoka.