Neva changa hutengenezea protini zake mahali zinapohitajika

Neva inayosogeza kidole gumba cha mguu ina kiini chake ndani ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima, aksoni yake, yaani ule uzi mrefu unaopeleka taarifa, hufika karibu mita moja. Aktini, protini inayoipa ncha ya aksoni umbo na mwendo, husafiri milimita chache tu kwa siku. Tena neva ya mtoto aliye tumboni inapotafuta njia, ncha yake hulazimika kugeuka ndani ya dakika chache. Haiwezi kusubiri protini itoke kwenye kiini.

Kwa hiyo seli hutanguliza maelekezo. RNA, nakala ya jeni, hupelekwa hadi kwenye ncha, na protini ikatengenezwa hukohuko.

Njia ya RNA hiyo ni mikrotubuli, mirija ya protini iitwayo tubulini, yenye upana wa nanomita 25 hivi. Kinesini, protini ya kubeba mizigo, hutembea juu yake kama hamali, kila hatua nanomita 8, kila hatua ikitumia molekuli moja ya ATP, inayoipa seli nishati. Lakini RNA haisafiri peke yake. RNA ya beta-aktini, aina mojawapo ya aktini, hushikwa na protini ZBP1 kwenye kipande cha nyukleotidi 54, yaani herufi 54 za RNA, na ikishikwa hivyo haisomwi, yaani haitoi protini. Ikifika, kimeng'enya Src huibadili ZBP1 kwa kuipachika fosfeti. ZBP1 inaachia, aktini inatengenezwa upande ule ule ilikotoka ishara inayoivuta ncha, na ncha inageukia huko.

Kinachonistaajabisha zaidi ni APC. Protini hii hukaa kwenye ncha za mikrotubuli zinazokua, na hushika RNA ya aina mojawapo ya tubulini. Maana yake, maelekezo ya kutengeneza njia yanawekwa pale pale njia inapoendelea kujengwa.

Utaratibu huu ukivurugika, mtoto huumia. Jeni ya FMR1, iliyotambuliwa mwaka 1991, hutoa protini FMRP, ambayo hushika RNA nyingi za neva na kuzuia zisisomwe kabla ya wakati. Marudio ya CGG, herufi tatu za DNA, kwenye jeni hiyo yakizidi 200, kwa kawaida jeni huzimika. Huo ndio ugonjwa wa Fragile X, unaodhoofisha uwezo wa kujifunza, hasa kwa wavulana. Mtoto akichelewa sana kuongea, na kwenye ukoo wa mama wapo wengine wa hivyo, mwulize daktari kuhusu kipimo cha jeni hii. Hutumia damu kidogo tu. Tiba ya kuuondoa ugonjwa bado haijapatikana, ila mafunzo ya kuongea yakianza mapema humsaidia mtoto.