Mkopo wa Katalogi kwa Mwenye Alama Zilizoshuka: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kusaini

Nchini Marekani, mtu aliyechelewesha madeni au aliyetoka kwenye ufilisi hakawii kupata barua nene yenye picha za sufuria, mashuka na televisheni, ikimweleza kwamba amekwisha kukubaliwa mkopo wa dola 200 au 500. Mtumaji ni muuzaji wa katalogi, yaani duka linalouza kwa orodha ya picha, kwa njia ya posta au mtandaoni, na mkopo wenyewe hautumiki popote isipokuwa kwa bidhaa za duka hilo. Wanaotujia na barua hizo kwenye meza ya ushauri huuliza wakikubali kama alama zao za mkopo, yaani namba inayomwonyesha mkopeshaji jinsi mtu anavyolipa madeni yake, zitapanda. Huwa tunawarudishia swali ambalo barua hailigusi: je, muuzaji huyu hupeleka taarifa za malipo yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na kama hupeleka, ni taasisi zipi?

Taasisi kubwa ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na alama zinazotazamwa na mabenki hukokotolewa kutokana na yale yaliyoandikwa humo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia taarifa hizo inamtaka mkopeshaji anayezipeleka azipeleke kwa usahihi, lakini haimlazimishi kuzipeleka. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukalipa kila mwezi kwa uaminifu kwa mwaka mzima, na mwaka huo usionekane mahali popote. Ilhali ukishindwa kulipa, deni likauzwa kwa wakusanya madeni, doa hilo linaweza kuonekana bila shida yoyote. Mkopo wa namna hiyo unaweza kukuumiza bila uwezo wa kukusaidia, na sioni sababu ya kuuchukua.

Piga simu kabla ya kusaini, uliza, na uandike jina la aliyekujibu. Ni vyema pia kuuliza kama akaunti ni ya kuzunguka, ambayo unanunua, unalipa na kununua tena, au ni ya mafungu, ambayo huisha bidhaa moja inapomalizika kulipiwa. Baadhi ya wauzaji huanza na mafungu kama jaribio, kisha humfungulia mteja akaunti ya kuzunguka akimaliza vizuri. Baada ya miezi miwili au mitatu usitegemee tena maneno ya simu: fungua AnnualCreditReport.com, ambako kila moja ya taasisi hizo tatu hutoa taarifa yako bure, hata kila wiki, uone kama jina la akaunti limeingia.

Likiingia, kazi ndiyo inaanza. Katika alama za FICO, aina ya alama za mkopo inayotumiwa na wakopeshaji wengi, ambazo kwa kawaida huwa kati ya 300 na 850, historia ya malipo hubeba asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30; umri wa akaunti, maombi mapya na mchanganyiko wa mikopo hugawana kilichobaki. Fungu la kwanza watu hulielewa bila maelezo marefu. La pili ndilo linalowaangusha hata walio waangalifu.

Chukua taarifa ya mwezi ya akaunti yenye kikomo cha dola 200, ambayo mwenyewe amenunulia blanketi na seti ya sufuria kwa dola 150. Karatasi hiyo ina tarehe mbili. Moja ni siku ya kufunga hesabu ya mwezi, na nyingine, inayokuja wiki kadhaa baadaye, ni siku ya mwisho ya kulipa. Wakopeshaji wengi hupeleka salio linalosomeka siku ya kufunga hesabu. Hata kama atalipa dola zote 150 kabla ya siku ya mwisho, asikatwe senti ya riba, kilichokwishapelekwa ni kwamba ametumia asilimia 75 ya kikomo chake, na kwa fomula ya alama huyo ni mtu aliyebanwa na madeni. Dawa yake ni nyepesi: anunue kitu cha dola 15 au 20, au alipe sehemu kubwa ya deni kabla hesabu haijafungwa.

Sasa tuseme hakulipa zote. Riba ikiwa asilimia 30 kwa mwaka, naye akilipa dola 10 kila mwezi bila kununua kitu kingine, dola 150 zitamchukua takriban miezi 19 na zitamgharimu karibu dola 190. Hapo hatujagusa bei ya bidhaa yenyewe, ambayo kwa maoni yangu ndiyo gharama inayojificha kuliko riba. Wapo wauzaji wanaojinadi kwamba hawatozi riba hata kidogo, kumbe faida yao imo ndani ya bei au katika ada ya uanachama ya kila mwezi. Tafuta bidhaa ile ile, yenye namba ile ile ya modeli, kwa muuzaji mwingine, ulinganishe pamoja na gharama ya kusafirisha. Isome pia kwa makini ahadi ya kutotozwa riba ukilipa ndani ya miezi sita, kwa kuwa katika mikataba ya riba iliyoahirishwa, salio dogo tu likibaki siku ya mwisho, riba huhesabiwa kurudi hadi siku uliyonunua.

Kuchelewa kwa siku chache huleta faini ya mkopeshaji, lakini kwa kawaida hakuandikwi kwenye taasisi mpaka siku 30 zipite. Kukishaandikwa, kunaweza kukaa humo miaka saba. Ndiyo maana tunashauri malipo ya benki yanayojiendesha yenyewe tangu mwezi wa kwanza.

Mwenye uwezo wa kuweka akiba ya dola 200 kama dhamana, mimi humwelekeza kwanza kwenye kadi ya mkopo yenye dhamana kutoka benki au chama cha akiba na mikopo, baada ya kuthibitisha kuwa inaripotiwa kwenye taasisi zote tatu. Kadi hiyo hununua chakula na mafuta ya gari, vitu ambavyo angevinunua hata hivyo, na dhamana humrudia akifunga akaunti bila deni. Katalogi huibakiza kwa yule asiye na akiba hiyo, ambaye kweli anahitaji blanketi.

Hifadhi risiti ya kila malipo. Ukikuta taasisi imeandika kuwa ulichelewa ilhali ulilipa kwa wakati, ipelekee pingamizi kwa maandishi pamoja na nakala ya risiti. Kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza, na taarifa isiyoweza kuthibitishwa ni lazima irekebishwe au ifutwe. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila malipo, na kampuni ya kurekebisha alama inayokudai fedha kabla ya kufanya chochote inavunja sheria ya shirikisho.