Je, dawa ya pareto haimdhuru paka kwa kuwa ni ya asili?

Wengi huamini kwamba dawa ya wadudu itokanayo na pareto, ua linalolimwa Kenya na nyanda za juu za Tanzania, haina neno kwa paka. Imani hiyo haikuzuka hewani: binadamu na mbwa huzivumilia vizuri dawa hizi.

Paka ni habari nyingine. Ini lake huchelewa kuvunja sumu za jamii hii, hasa permethrin, inayotengenezwa kiwandani kwa kuiga pareto. Dawa ya viroboto ya mbwa, ambayo huweza kuwa na permethrin asilimia 45 au zaidi, humtetemesha paka, humtoa mate, hata kumtia degedege. Kumpaka kidogo tu si kinga. Dawa ya kupuliza mende huwa hafifu zaidi, lakini paka hulamba manyoya yake, na aliye mzee, mchanga au mgonjwa huelemewa upesi. Ukipuliza, paka akae nje ya chumba hadi sakafu ikauke.

Geuza kopo usome viambato, yale maandishi madogo ya nyuma: majina yanayoishia na "thrin" ndiyo hayo. Neno "asili" la mbele ni tangazo tu. Kama paka anaumwa, mwonyeshe daktari wa mifugo picha ya lebo kabla ya kupuliza. Wakati huo, ili kupunguza mende bila dawa, ziba nyufa za sinki, funika taka.