Maana ya wpa_supplicant katika Linux

wpa_supplicant ni programu inayoendeshwa chinichini katika Linux, na kazi yake kuu ni kuithibitishia ruta ya Wi-Fi kwamba kompyuta inalijua neno la siri la mtandao, kisha kukubaliana nayo kuhusu funguo za kusimba mawasiliano. Jouni Malinen alianza kuiandika mwaka 2003, na imeenea kiasi kwamba hata simu za Android huitumia. Anayebofya jina la mtandao kwenye NetworkManager, programu ya kusimamia miunganisho ya mtandao, kwa kawaida huitumia bila kuiona. Anayefanya kazi kwenye mstari wa amri hukutana nayo ana kwa ana.

Jambo linalowatatiza wengi ni kutojua mipaka yake. Haiwashi redio ya Wi-Fi iliyofungwa: hilo hukaguliwa kwa amri ya rfkill list. Wala haiipi kompyuta anwani ya IP, kwa kuwa hiyo ni kazi ya programu ya DHCP, kama vile dhcpcd, ambayo huja baadaye. wpa_supplicant imesimama katikati ya hayo mawili.

Katika WPA2, mojawapo ya viwango vya usalama wa Wi-Fi, neno la siri, ambalo huwa na herufi 8 hadi 63, halitumiki jinsi lilivyo. Huchanganywa na jina la mtandao na kupitishwa katika hesabu inayorudiwa mara 4096, hadi upatikane ufunguo wa biti 256. Ndiyo maana ukibadilisha jina la mtandao, ufunguo nao hubadilika hata kama neno la siri ni lilelile. Ufunguo huo haurushwi hewani kamwe. Ruta na kompyuta hupeana namba za nasibu katika ujumbe nne, na kila upande huthibitisha kuwa unao ufunguo kwa kuonyesha matokeo ambayo asiyekuwa nao hawezi kuyapata, na papo hapo hupatikana funguo mpya za kipindi hicho cha mawasiliano.

Ufunguo unaweza kuukokotoa mwenyewe kwa amri ya wpa_passphrase ikifuatiwa na jina la mtandao. Itakusubiri uandike neno la siri, kisha itatoa fungu la network lenye tarakimu 64 za heksadesimali mbele ya psk. Litazame vizuri kabla ya kulihifadhi katika faili la mipangilio la wpa_supplicant, kwa sababu juu ya mstari huo upo mwingine unaoanza na alama ya #, na ndani yake neno lako la siri limeandikwa waziwazi. Ufute. Hata hivyo, zile tarakimu 64 peke yake zinatosha kumwingiza mtu kwenye mtandao huo, kwa hiyo faili lenyewe lisomwe na root (msimamizi mkuu wa kompyuta) pekee.

Programu huanzishwa hivi, wlan0 ikiwa ni jina la kifaa chako kama linavyoonyeshwa na iw dev:

sudo wpa_supplicant -B -i wlan0 -c /etc/wpa_supplicant/wpa_supplicant.conf

Ikiwa faili hilo lina mstari wa ctrl_interface, amri ya wpa_cli status itakueleza hali ilivyo, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza ambacho fundi anapaswa kukizoea. Ukiona wpa_state=COMPLETED na bado hakuna intaneti, achana na neno la siri, uchunguze DHCP. Hali ikifika 4WAY_HANDSHAKE kisha ikarudi SCANNING tena na tena, mara nyingi neno la siri limekosewa. Hakikisha pia kwamba NetworkManager haikiendeshi kifaa hichohicho, maana zitavurugana.

WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, hutumia njia nyingine iitwayo SAE, ambayo huhitaji neno la siri lenyewe. Kwa mtandao unaokubali WPA3 pekee, zile tarakimu 64 hazitakufaa: andika neno la siri ndani ya alama za kunukuu, weka key_mgmt=SAE, na uongeze ieee80211w=2.