Kikombe hakina kosa, shida ni dirisha

Huku Mtwara nikienda kumtembelea mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani kwake mara nyingi nakuta kitu kile kile, ana kikombe chake, sahani yake, kijiko chake, na ole wako mtoto uguse, halafu usiku analala na watoto hao hao chumba kimoja, dirisha limezibwa na kiroba kisa mbu. Jamani, TB haiambukizwi kwa kikombe!

Iko hivi. Ukikohoa, ukicheka, hata ukiongea tu, unatoa matone ya kila saizi. Yale makubwa ya maikroni 100 hivi (milimita moja ina maikroni 1,000) yanadondoka chini ndani ya sekunde chache, hayo kwa TB hata hayaninyimi usingizi. Balaa ni yale madogo, maji yake yanakauka yakiwa bado hewani, kinabaki kipunje cha chumvi na ute na mdudu wa TB ndani yake, na kikiwa cha maikroni 5 kinachukua kama dakika 45 kushuka mita 2, tena hapo hewa imetulia tuli, watu wakipitapita au feni ikiwaka ndo kabisaa. Na huo udogo ndo unakifikisha mpaka kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, maana tone kubwa linanaswa puani na kooni.

Mtafiti William Wells wa Marekani aliyaeleza haya mwaka 1934. Miaka ya 1950 yeye na Richard Riley pale Baltimore wakachukua hewa ya wodi ya TB wakaipeleka kwa bomba hadi kwa simbilisi (wale kama panya wanene wasio na mkia), wanyama hawajawahi kukutana na mgonjwa hata mmoja, na bado wakaambukizwa.

Ndo maana kliniki tunakutuma ukatoe makohozi nje, kule uwani. Wengine wananuna wanadhani tunawanyanyapaa, kumbe nje upepo unavitawanya hivyo vipunje na jua linaua mdudu.

Kwa hiyo kiroba toeni, mbu wana chandarua. Barakoa ya kawaida avae mgonjwa, inanasa tone likiwa bado bichi. Sisi wahudumu tunavaa N95 (barakoa inayobana uso na kuchuja hata vipunje vidogo) kwa sababu ya kile kipunje kilichokwisha kukauka, barakoa ya kitambaa kinaipenya pembeni bila hata hodi.