Ubongo wa mtoto mchanga na sura za watu wa asili mbalimbali: dhana potofu na ukweli

Mzazi anaposoma kwamba ubongo wa mtoto wa miezi 9 huitikia sura za watu wa asili yake kwa namna tofauti na sura za wengine, huweza kuhitimisha kwamba ubaguzi tunazaliwa nao. Hitimisho hilo si sahihi, tena lina madhara, kwa kuwa humfanya mtu mzima aione chuki kuwa maumbile yasiyo na dawa.

Dhana potofu: Mtoto huzaliwa akiwapendelea watu wa rangi yake.

Ukweli: Mtoto aliyezaliwa karibuni huvutwa na sura ya mtu, yeyote awaye. Mwaka 2005 watafiti waliwaonyesha watoto wa Kizungu picha za sura mbili kwa wakati mmoja, moja ya mtu wa asili yao na nyingine ya mtu wa asili tofauti. Waliokuwa na umri wa siku chache hawakuegemea upande wowote, ilhali wale wa miezi 3 walizitazama zaidi sura za asili yao. Kilichoongezeka katikati ya umri huo ni mazoea, yaani sura zile zile zinazomwinamia mtoto anaponyonyeshwa, anapoogeshwa na anapobembelezwa.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi ulitolewa mwaka 2006. Watafiti walilinganisha makundi matatu ya watoto wa miezi 3: Waisraeli weupe, Waethiopia wanaokulia Ethiopia, na watoto wa Waethiopia waliohamia Israeli, ambao kila siku walikuwa wakiwaona watu weusi na weupe. Makundi mawili ya kwanza yalizitazama zaidi sura za asili yao, lakini kundi la tatu halikuonyesha upendeleo wowote. Kama upendeleo huo ungekuwa katika damu, watoto wa Kiethiopia wa Ethiopia na wale wa Israeli wangefanana. Jambo la namna hiyo huonekana hata kwa jinsia: watoto wanaolelewa zaidi na mama huzitazama zaidi sura za wanawake, na wale wachache waliochunguzwa ambao mlezi wao mkuu ni baba huelekea kuzitazama zaidi sura za wanaume.

Dhana potofu: Ubongo wa mtoto mdogo hauwezi kutofautisha watu wa asili nyingine.

Ukweli: Mambo ni kinyume, kwani mtoto mdogo zaidi ndiye mwenye uwezo mpana zaidi. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa Kizungu wa miezi 3 waliweza kumtofautisha mtu mmoja na mwingine katika makundi yote manne ya sura walizoonyeshwa, yaani za Wazungu, Waafrika, watu wa Mashariki ya Kati na Wachina. Kufikia miezi 6 waliweza kwa sura za Wazungu na za Wachina tu, na kufikia miezi 9 walibakiwa na zile za Wazungu peke yake. Watoto wa Kichina walipochunguzwa baadaye, wao pia walionekana kupungukiwa na uwezo huo kwa sura za wengine. Kwa hiyo hali hii haihusu jamii moja tu. Masikio hufuata njia hiyo hiyo, kwa maana katika mwaka wa kwanza mtoto hupoteza pole pole wepesi wa kutambua sauti zisizotumika katika lugha anayoisikia.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst walipima umeme wa ubongo wa watoto wa Kizungu wa miezi 5 na wa miezi 9, wakiwasikilizisha sauti ya kicheko au kilio na kuwaonyesha sura zinazolingana au zisizolingana na sauti hiyo. Ubongo wa miezi 5 ulitambua ulinganifu huo kwa sura za Wazungu na za watu weusi vile vile, na mwitikio ulionekana zaidi sehemu za mbele zinazohusika na umakini. Katika miezi 9 mwitikio ulikuwa umehamia nyuma, kwenye maeneo yanayochambua sura, na ulijitokeza kwa sura za Wazungu tu. Huo ni ubongo unaojifunza kufanya kwa ustadi kazi inayoukabili kila siku.

Dhana potofu: Tofauti hiyo katika ubongo ndiyo ubaguzi wenyewe.

Ukweli: Muda wa kutazama na mawimbi ya umeme hupima umakini na utambuzi, havipimi chuki. Watoto wa miezi 10 walipopewa vitu vya kuchezea na watu wawili wa asili tofauti, walipokea kwa wote bila kuchagua. Uteuzi wa marafiki kwa kufuata rangi ulionekana kwa watoto wa miaka 5. Hata hivyo hatupaswi kuificha dalili nyingine: utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha watoto wa karibu miezi 9 wakihusisha sura za asili yao na muziki wa furaha, na sura za wengine na muziki wa huzuni. Mazoea, basi, yanaweza kuandaa njia ya upendeleo, ingawa upendeleo wenyewe bado haujakomaa.

Dhana potofu: Baada ya miezi 9 hakuna linaloweza kubadilika.

Ukweli: Watu wazima waliozaliwa Korea na kulelewa Ufaransa tangu walipokuwa na umri wa kati ya miaka 3 na 9 walipopimwa, walizitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia, kama Wafaransa wengine. Watoto wa Kizungu waliosomewa vitabu vya picha za Wachina kuanzia miezi 6 hadi 9, kwa muda ambao ukijumlishwa haukuzidi sana saa moja, hawakuupoteza uwezo wao.

Namna ya kuonyesha picha nayo ina uzito. Mwaka 2009 watoto wa umri huo walionyeshwa vitabu vya picha za tumbili. Wale ambao wazazi wao walimwita kila tumbili kwa jina lake waliendelea kuwatofautisha walipofika miezi 9, lakini wale walioambiwa kila mara kwamba huyu ni tumbili, na huyu naye ni tumbili, hawakuweza tena.