Digrii ya kompyuta na kazi ya kuandika programu: yanayosemwa Nairobi na ukweli wake

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, mabishano huanza upya katika nyumba nyingi za Nairobi. Mzazi anataka mtoto aende chuo kikuu. Mtoto ameshajifunza JavaScript, lugha ya kuandika programu, kwenye YouTube na anaona miaka minne ni mingi. Kila upande una hoja zake, na kila upande una uongo wake.

Dhana: Bila digrii huajiriwi.

Daktari na wakili hawaruhusiwi kufanya kazi Kenya bila kusajiliwa kisheria. Developa, yaani mwandishi wa programu, hana sharti hilo. Mswada wa 2016 uliotaka watu wa teknolojia wasajiliwe na kupewa leseni ulipingwa vikali, haukuwa sheria. Anayeamua, basi, ni mwajiri. Kampuni changa za Ngong Road na Kilimani huomba kuona ulichotengeneza, kisha hukupa jaribio. Benki na idara za serikali ni habari nyingine: fomu ikisema digrii ni digrii, na ombi lako huenda lisimfikie hata mtu anayejua programu ni nini. Ila tangazo la kazi lisome mpaka mwisho. Mengi huongeza "au uzoefu unaolingana nayo", na watu huishia kwenye neno digrii wakafunga ukurasa.

Dhana: Gates na Zuckerberg waliacha chuo, nami naweza.

Waliacha Harvard, na kila mmoja alikuwa na kampuni ya kuendea: Gates Microsoft, Zuckerberg Facebook. Gates alianza kuandika programu 1968, akiwa na miaka 13, katika shule ya kulipia iliyokuwa na mashine ambayo wengi wa rika lake hawakuwahi kuiona. Mimi ningemtaja Margaret Hamilton, aliyeongoza timu iliyoandika programu za chombo cha Apollo kilichotua mwezini 1969. Digrii yake ilikuwa ya hisabati.

Dhana: Yanayofundishwa chuoni ni nadharia tupu.

Hapa nasimama na wahadhiri, ingawa noti za baadhi yao zina umri wa wanafunzi wenyewe.

Chukua duka la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa na linataka kujua kama kuna muamala ulioingizwa mara mbili. Aliyejifunza kwa kuiga video ataandika kitanzi (amri zinazojirudia) ndani ya kitanzi: kila muamala ulinganishwe na mingine yote. Kwa miamala 1,000 ni kama milinganisho nusu milioni, na laptopu haihisi kitu. Miamala ikifika 100,000, milinganisho inakaribia bilioni 5, na mfumo unakwama mwisho wa mwezi, wateja wakiwa wengi. Aliyesoma miundo ya data, yaani njia za kupanga data, hupitia orodha mara moja tu: kila namba ya muamala anaiweka kwenye jedwali la heshi, linaloonyesha papo hapo kama kitu kimo, akiuliza kwanza kama imeshaonekana. Ni mistari michache.

Au andika 0.1 + 0.2 kwenye JavaScript. Jibu ni 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu za 0 na 1, na 0.1 haiingii humo sawasawa. Ndiyo maana pesa huhesabiwa kwa senti, namba nzima. Asiyejua hilo atakesha akitafuta senti zisizopatana na vitabu vya mhasibu.

Maarifa haya hayajafungiwa ndani ya geti la chuo. CS50, somo la Harvard la utangulizi wa kompyuta, liko bure mtandaoni. Lakini hayaji yenyewe. Na kwenye usaili wa kampuni kama Microsoft, iliyofungua kituo chake cha kuunda programu Nairobi 2019, ndiyo huulizwa.

Dhana: Ukiwa na digrii, umeshakuwa developa.

Hapana. Wapo wanaohitimu bila kuweka mtandaoni hata programu moja inayotumiwa na mtu mwingine, na mkopo wa masomo wa HELB unawasubiri kulipwa.

Dhana: Nikijua kazi, nje ya nchi hawataniuliza karatasi.

Ukifanyia kazi kampuni ya ng'ambo ukiwa hapa Nairobi, Roysambu, pengine hawataiuliza. Ukitaka kuhamia, viza ndiyo itakayouliza. Viza ya kazi ya Marekani, H-1B, hudai digrii au kinacholingana nayo, na kwa kawaida miaka mitatu ya kazi ya kitaalamu huhesabiwa badala ya mwaka mmoja wa masomo. Kwa asiyekanyaga chuo kabisa, ni miaka 12.